Kurekebisha Jembe na Zana Nyingine za Mkono Nyumbani



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza juu ya mbegu bora, samadi na nafasi za kupandia. Somo hili lahusu chombo ambacho bila yake hayo yote hayafanyiki, yaani jembe. Tena lahusu jembe la bei nafuu, lile ambalo wengi wetu hununua dukani au gulioni.

Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa palizi, nilipita katika shamba la mama mmoja mjane. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, na magugu nayo yamefika magotini. Nikaanza kumwambia maneno tunayoyasema sisi mabwana shamba: kwamba amechelewa, kwamba palizi haingoji. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akanipa jembe lake, akasema, "Haya, Bwana Shamba, nipalilie mstari huu mmoja tu."

Nililipokea. Ukingo wake ulikuwa mnene na butu, mpini ulikuwa mfupi, na kichwa kilikuwa kikicheza. Sijafika nusu ya mstari, jasho lilikuwa linanitiririka. Nilipotazama nyuma, magugu yalikuwa yamelala tu, hayakukatika. "Mama," nikamwuliza, "jembe hili lilipata kunolewa?" Akajibu, "Nina mwaka wa pili nalo, mwanangu. Lilivyotoka dukani ndivyo lilivyo."

Siku ile nilijifunza kwamba si haki kumlaumu mkulima kwa kuchelewa kabla ya kulitazama jembe lake. Mambo niliyomfanyia mama yule siku mbili baadaye, kwa tupa moja na kipande cha mti, ndiyo nitakayokueleza hapa. Hayahitaji fedha nyingi wala karakana kubwa. Kivuli cha mwembe chatosha.

1. KWA NINI JEMBE LA DUKANI HALIJAMALIZIKA

Wakulima wengi hudhani kwamba jembe jipya ni jembe tayari. Sivyo. Kiwandani bapa la chuma hukatwa, hupindwa, hutiwa rangi, na kupelekwa sokoni. Ukingo huachwa mnene ili usivunjike njiani wala kuwakata wachukuzi. Kiwanda hakijui kama udongo wako ni kichanga, tifutifu, au ule mweusi wa mbuga unaonata. Hakijui kama utalima karanga au mahindi. Wala hakijui kama mwenye kulitumia ni kijana wa miaka 20 au bibi wa miaka 60.

Zamani haikuwa hivyo. Wahunzi wa Ufipa na Upare waliwafulia majembe watu waliowajua. Mtu alipoliona jembe lake zito, aliweza kurudi kwa mhunzi likapunguzwa. Leo mhunzi huyo ni wewe mwenyewe. Kazi iliyobaki ni ya kuimaliza kwa mkono wako.

Labda utasema, "Uzito kidogo una nini?" Tufanye hesabu. Tuseme mtu huinua jembe mara 20 kwa dakika, na hulima saa 4 asubuhi. Atakuwa ameliinua mara 4,800. Ikiwa jembe lina robo kilo ya chuma isiyo na kazi, basi asubuhi moja ameinua bure kilo 1,200, yaani mifuko 12 ya mahindi ya kilo 100. Mtu huyo akichoka saa nne badala ya saa sita, si mvivu. Ameelemewa.

Nayo mahindi hayamsubiri. Huumizwa na magugu hasa katika wiki 6 za kwanza tangu kuota. Magugu yakiyatangulia katika muda huo kwa kunyonya maji na chakula cha udongo, palizi ya baadaye hailirudishi lililopotea. Kwa hiyo jembe butu si taabu ya mgongo tu. Ni upungufu wa chakula ghalani.

2. VIFAA VINAVYOTAKIWA

Si lazima uwe navyo vyote. Tupa ndiyo ya kwanza. Vingine majirani waweza kuchanga na kuvitumia kwa zamu.

(a) Tupa bapa ya urefu wa sentimeta 25 hivi. Usiitumie bila kipini, kwa maana mkia wake mkali waweza kukutoboa kiganja. Gunzi kavu la muhindi lafaa sana kuwa kipini.
(b) Kinoo, kwa kumalizia makali ya panga na mundu.
(c) Msumeno wa chuma. Ufunge msumeno meno yakielekea mbele.
(d) Nyundo, na kisu kikali au tezo kwa kuchongea mpini.
(e) Kipande cha chupa, kwa kulainishia mpini. Kishike kwa kitambaa kinene.
(f) Futi kamba, au ufito uliopimwa.
(g) Jiliwa. Kama huna, tafuta gogo zito, ulichimbie ardhini lisicheze, kisha ukate mfuo juu yake kwa msumeno. Tia bapa la jembe ndani ya mfuo, ulikaze kwa kabari ya mti. Litatulia vizuri, na mikono yako yote miwili itakuwa huru kwa kazi.

3. KULICHAGUA JEMBE

Usinunue kwa kutazama rangi. Fanya hivi:

Kwanza, lishike kwa kidole kupitia tunduni, likining'inia, uligonge kwa kijiwe. Jembe zima hulia kwa sauti inayodumu kidogo. Likilia kama chungu kilichopasuka, litazame vizuri penye shingo, maana pengine lina ufa.

Pili, tazama tundu. Liwe katikati ya bapa, wala lisielekee upande. Jembe lenye tundu la upande hupinda mkononi kila unapolima, na hutalirekebisha nyumbani.

Tatu, kama muuzaji akikubali, jaribu ukingo kwa tupa kuukuu, mkwaruzo mmoja tu. Tupa ikishika kwa shida kiasi, chuma ni kizuri. Ikizama upesi kama katika risasi, chuma ni laini na makali hayatakaa. Ikiteleza kabisa bila kushika, chuma ni kigumu mno na kinaweza kuvunjika kwenye mawe.

Nne, mnunulie mtumiaji, si wewe. Jembe la kulimia ardhi ngumu laweza kuwa zito kidogo. Jembe la palizi liwe jepesi. Nyumba yenye jembe la aina moja tu kwa kazi zote mbili inajitesa.

4. KUTIA MAKALI

Kaza jembe katika gogo au jiliwa, ukingo ukiwa juu. Kwanza ondoa rangi yote iliyopo ukingoni, upana wa vidole viwili. Rangi huziba meno ya tupa.

Sasa amua pembe ya makali. Hakuna haja ya kukisia. Chukua karatasi yenye kona ya mraba. Ukiikunja kona hiyo mara moja katikati, utapata pembe ya digrii 45. Ukiikunja kona kama hiyo katika sehemu tatu zilizo sawa, utapata digrii 30. Kwa jembe la kulimia, hasa penye mawe, tumia pembe ya kwanza, kwa kuwa makali membamba mno hukatika. Kwa jembe la palizi katika udongo laini, tumia pembe ya pili.

Nolea upande mmoja tu, nao ni ule unaotazama mpini. Upande wa nje uache ukiwa bapa. Sababu ni hii: unapopalilia, ule upande wa nje ndio unaolala juu ya ardhi. Ukiwa bapa, jembe huteleza chini ya magugu na kuyakata shingo. Ukiwa umenolewa, jembe hurukaruka.

Sukuma tupa mbele kwa mikono miwili, ikienda mshazari kutoka kona moja hadi nyingine. Inapokata ni wakati wa kwenda. Inaporudi, iinue. Mtu anayeisugua tupa huku na huku kama brashi huivunja meno, kisha husema tupa za siku hizi ni mbaya. Endelea mpaka ukingo wote uwe na mteremko ulio sawa. Ukipitisha kidole polepole upande wa nyuma, kutoka bapani kwenda ukingoni, utahisi kijinywele cha chuma kinachokwaruza. Hiyo ni dalili kwamba makali yamefika. Laza tupa au kinoo bapa juu ya upande wa nyuma, upitishe mara moja au mbili kukiondoa kijinywele hicho. Usipitishe kidole kamwe kwa kufuata urefu wa makali.

Mara ya kwanza kazi hii yaweza kuchukua nusu saa. Baada ya hapo, dakika mbili au tatu kila asubuhi zatosha. Peleka tupa shambani. Unapopumzika kunywa maji, jembe nalo lipate haki yake.

5. MPINI

Mpini mbaya huharibu jembe zuri. Tufikirie mambo matatu: mti, urefu, na kukaza.

Mti. Chagua mti mgumu wenye kunepa kidogo bila kuvunjika. Mkole, mlama na mpera hufaa. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na kifundo karibu na kichwa. Ukate mti mbichi, uutoe gome, uuweke kivulini wiki kadhaa ukauke polepole. Mti uliokaushwa juani hupasuka. Mpini uliotiwa ukiwa mbichi husinyaa baadaye, na kichwa huanza kucheza.

Urefu. Hapa pana desturi inayotuumiza. Katika sehemu nyingi jembe la mpini mfupi ndilo linaloheshimiwa, na mwanamke akionekana anapalilia amesimama wima husemwa kwamba ni mvivu. Neno hili lifaa kuachwa. Huko California, nchini Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walifanyishwa kazi miaka mingi kwa jembe la mpini mfupi sana, wameinama kutwa, na wengi waliharibika migongo. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba jembe lile si zana salama, likakatazwa. Ikiwa mgongo wa kibarua wa huko ulilindwa na mahakama, mgongo wa mama yetu waweza kulindwa na mti wa mkole.

Kipimo ni mwili wa mtumiaji. Kwa jembe la kulimia, simamisha mpini chini: ufike kati ya kitovu na kifua. Kwa jembe la palizi la kutumia ukiwa umesimama, ufike kwapani. Kwa palizi ya karibu sana na miche, kama vitunguu au karanga changa, mpini mfupi bado una kazi yake. Lakini uwe kwa kazi hiyo tu. Unene uwe ule ambao vidole vikiukumbatia, ncha ya kidole gumba inakaribia kugusa ncha ya kidole cha kati. Mkono mdogo wataka mpini mwembamba.

Kukaza. Angalia tundu la jembe. Katika majembe mengi mdomo mmoja ni mpana kuliko mwingine. Acha ncha moja ya mpini iwe nene, kisha upitishe mpini kwa ile ncha nyembamba, ukiingilia mdomo mpana, mpaka unene ukwame tunduni. Sehemu nene ibaki upande wa nje, mbali na mikono yako. Hivyo kila unaporusha jembe, kichwa hujivuta kwenda kwenye unene na kujikaza chenyewe. Mpini uliotiwa kinyume hulegea kwa kila pigo, na siku moja kichwa huruka. Kichwa cha jembe kikiruka katika shamba lenye watoto, msiba wake hauna dawa.

Kama tundu ni sawa pande zote, pasua kidogo ncha ya mpini kwa msumeno, na baada ya kuutia, gonga kabari ya mti mgumu. Usikaze kwa misumari, maana hupasua mpini. Wala usitegemee kulilaza jembe ndani ya maji usiku kucha. Mti huvimba asubuhi, lakini adhuhuri umekauka na jembe limelegea kuliko jana.

Kwa jembe la msuka, toboa kichwa cha mpini kwa chuma cha moto kilicho chembamba kidogo kuliko msuka wenyewe, kisha uugonge msuka uingie. Zungusha waya au ukanda wa bati juu na chini ya tundu ili mti usipasuke.

Ukishamaliza, simama kama unayepalilia, na uweke jembe chini. Makali yote yaguse ardhi kwa pamoja, kutoka kona hadi kona. Ikiwa kona moja tu inagusa, toa mpini, chonga upande unaozidi, urudishe. Jaribio hili ni la dakika moja, nalo huokoa kazi ya mwaka mzima.

6. USITUPE KISEREMA

Jembe lililochakaa, yaani kiserema, wengi hulitupa au humpa mtoto alichezee. Ni hasara. Jembe lililolika limekwisha kuwa jepesi, na chuma chake umekwisha kukijua. Litengeneze liwe jembe la palizi.

Lisafishe kutu. Kwa chaki au mkaa chora umbo unalolitaka juu ya bapa. Kwa palizi katikati ya mistari ya mahindi, upana wa sentimeta 15 hivi wafaa. Kwa karanga, maharage na bustani, sentimeta 10 zatosha. Kata kwa msumeno wa chuma, polepole, ukiweka tone la mafuta mara kwa mara. Kama huna msumeno, mhunzi atakukatia kwa tindo. Kona za chini zizungushe kidogo kwa tupa ili zisikate mizizi na mashina ya mazao. Kisha tia makali ya digrii 30.

Jembe hilo usilichimbie. Livute juu juu, ukikata magugu chini kidogo ya uso wa ardhi, yakiwa bado machanga. Palizi ya kina kirefu hukata mizizi ya mahindi iliyo karibu na juu, na huleta juu mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimelala.

Lakini uyajue magugu yako. Ndago na sangari hayafi kwa kukatwa juu, maana huchipua tena kutoka chini. Hayo yachimbwe kwa jembe la uma, uyatoe mazima, uyakaushe juani mbali na shamba. Kiduha king'olewe kabla hakijatoa maua, kwa sababu mmea mmoja hutoa mbegu nyingi mno, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mahindi au mtama wako.

7. MPINI KUWA KIPIMO

Hili ni badiliko lisilogharimu hata senti. Chukua futi kamba na mpini wa jembe la kupandia. Kuanzia ncha ya mpini isiyo na kichwa, kata vijimfuo vyembamba kwenye sentimeta 30, 60 na 75. Usikate sana, alama tu. Zitie mkaa zionekane.

Sasa una kipimo kisichopotea. Mahindi ukiyapanda mstari hadi mstari sentimeta 75, shimo hadi shimo sentimeta 60, na kuacha miche miwili kila shimo, utapata miche zaidi kidogo ya 44,000 katika hekta moja. Ukipanda mche mmoja kwa shimo, tumia sentimeta 30, na hesabu itakuwa ile ile. Anayekisia kwa hatua za miguu huanza vizuri asubuhi, lakini hatua hurefuka kadiri jua linavyopanda.

Tengeneza pia kijiti cha kupandia. Chonga ncha ya mti mgumu, na sentimeta 5 kutoka nchani funga kipande cha mti kwa kukingama. Kijiti hakitazama kupita hapo, na mbegu zote za mahindi zitalala kina kimoja. Zikilala kina kimoja, zitaota pamoja. Zikiota pamoja, zitapaliliwa pamoja.

8. PANGA

Panga la bei nafuu lina makosa mawili ya kawaida: kipini chenye kona kali, na makali yasiyokamilika. Zungusha kona za kipini kwa tupa na kipande cha chupa. Ukiona ribiti zinacheza, weka panga juu ya chuma kizito na uzigonge kidogo kwa nyundo mpaka zikaze. Kisha viringisha ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu. Mkono wenye jasho hautateleza.

Panga linolewe pande zote mbili, tofauti na jembe. Karibu na kipini acha sentimeta 5 bila makali, ili kidole kikiteleza kisikatike.

Panga lililovunjika ncha bado lina maisha. Kata pale palipovunjika, uzungushe ncha, na utapata kisu kizuri cha kukatia majani ya ng'ombe au kuvunia mboga.

9. JIHADHARI NA MOTO

Chuma cha jembe na panga hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto usio na kipimo huuondoa ugumu huo. Kwa hiyo usilitie jembe jikoni ili kuchoma mpini uliovunjika ndani ya tundu. Utoe kwa kuuchonga na kuugonga.

Jiwe la kunolea la umeme, lililopo katika karakana za kuchomelea, hufanya kazi upesi, lakini lina hatari hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuliharibu jembe la rafiki yangu hivyo. Nilitaka kumaliza haraka, na ukingo ukageuka manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Lilikuwa kali siku ile, na baada ya siku chache likawa butu kama kijiko. Rangi ya buluu ni dalili kwamba ukingo umelainika. Ukitumia jiwe la umeme, gusa kidogo, chovya majini, gusa tena. Ukingo usipate joto ambalo kidole hakiwezi kulivumilia.

Ikiwa shingo ya jembe inahitaji kupindwa, kazi hiyo ni ya mhunzi mwenye mvukuto. Mwombe apashe shingo tu, na bapa lifunikwe kwa matambaa yaliyoloana. Kwa Tanzania, SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mikoani. Hapo waweza kuulizia mafundi wa zana walio karibu nawe.

10. HADHARI ZA KAZI

Vaa viatu. Vaa miwani ya fundi unapokata chuma au kutumia jiwe la umeme. Usiigonge tupa kwa nyundo, wala usiifanye kabari, kwa maana chuma chake ni kigumu na hurusha vipande machoni. Watoto wakae mbali. Zana yenye makali isilazwe majanini. Iegemezwe makali yakitazama chini, mahali paonekanapo. Kidonda cha zana yenye udongo kioshwe kwa maji safi na sabuni mara moja, na uende zahanati ukaulize juu ya sindano ya pepopunda.

11. UTUNZAJI

Jioni kwangua udongo kwa kijiti, si kwa jiwe. Futa jembe likauke, na ulitundike. Msimu ukiisha, lipake mafuta kidogo ya kupikia. Oili chafu ya gari usitumie, kwa kuwa si nzuri kwa ngozi wala kwa udongo unaootesha chakula. Mpini nao upake mafuta ya kupikia mara moja kwa mwaka. Usiupake rangi, kwa sababu huleta malengelenge na huficha nyufa.

12. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ukingo wa jembe jipya huwa mnene?
2. Jembe la palizi hunolewa upande gani, na kwa sababu gani?
3. Sehemu nene ya mpini ikae upande gani wa tundu?
4. Ukingo ukigeuka buluu wakati wa kunoa, maana yake ni nini?
5. Lipo jembe gani nyumbani kwako ambalo mwenye kulitumia hajapata kuulizwa kama linamfaa?

Swali la tano jibu lake halimo katika kitabu hiki. Ukalitafute nyumbani.

MWISHO

Yule mama mjane hakuvuna kama alivyotarajia. Kipande cha juu cha shamba lake, ambacho magugu yalikuwa yamekitangulia, kilitoa vigunzi vidogo vyenye mapengo. Jembe lililonolewa halikuweza kuzirudisha zile wiki zilizopita. Lakini kipande cha chini, alichokuwa bado hajakipoteza, alikimaliza upesi, naye alikipalilia amesimama wima. Mahindi ya huko ndiyo yaliyomfikisha msimu wa pili. Aliponionyesha ghala yake aliniambia, "Bwana Shamba, ungekuja na tupa mwezi mmoja kabla ya kuja na maneno." Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu mkulima, usiingoje mvua. Wiki hii toa majembe yote ya nyumba yako uyapange uani. Mwite kila mmoja ashike lake. Pima mpini kwa mwili wake, tazama makali, jaribu kichwa kama kinacheza. Kisha keti kivulini na tupa yako, ufanye kazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu awe na jembe lililo lake kweli.